Jiko ni Maabara: Kuifanya Kemia Ipendeze kwa Mtoto na Watu wa Nyumbani Kwake

Utangulizi

Baada ya sikukuu ya Idd, katika nyumba nyingi za Usagara, Ngamiani na mitaa mingine ya Tanga, huonekana uani jambo ambalo kila mama amelizoea. Kanzu nyeupe imemwagikiwa mchuzi wa biriani, nayo ina doa la manjano kifuani. Mama huilowesha, huipaka sabuni, na papo hapo lile doa la manjano hugeuka jekundu kama damu. Mtoto aliyesimama karibu hushtuka. "Mama, mbona limekuwa jekundu?" Mama, ambaye ana nguo nyingine kumi za kufua, hujibu, "Bizari hiyo. Hebu ondoka hapo nifue."

Katika dakika hiyo moja somo zuri la kemia limezaliwa na kufa. Mtoto ameona badiliko, ameshangaa, na ameuliza swali ambalo mwalimu wa sayansi angetamani kulisikia darasani kila siku. Mama naye ametoa jibu lenye ukweli ndani yake, kwani hakika ni bizari. Kilichokosekana ni mtu wa kulishika swali hilo na kulipeleka mbele.

Mtu huyo, mwalimu mwanafunzi, ni wewe. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha jinsi mwalimu wa shule ya msingi anavyoweza kuyaokoa maswali ya namna hii, ayaunganishe na masomo ya darasani, na kuwafanya wazazi, mabibi na ndugu wa mtoto wawe washiriki wa somo lenyewe. Mifano yetu tumeichukua Tanga na pwani yake, kwa kuwa ndiko tunakokujua. Mwalimu aliye kwingine atafute mifano ya kwao.

Furaha si mazingaombwe

Kabla ya kueleza majaribio yenyewe, hatuna budi kusahihisha kosa moja ambalo tumeliona mara nyingi katika mazoezi ya kufundisha.

Siku moja tulikwenda kumtazama mwalimu mwanafunzi katika shule ambayo hatutaitaja. Alikuwa amejitayarisha kwa bidii. Alijenga mlima mdogo wa udongo juu ya meza, akatia magadi ndani ya tundu lake, kisha akamimina siki iliyotiwa rangi. Povu jekundu likafoka na kuteremka. Watoto walipiga makofi na kushangilia, nasi pia tulifurahi. Kesho yake tuliwauliza watoto wale wamejifunza nini. Mmoja alijibu kwa uaminifu, "Mwalimu ni mganga." Mwingine alisema, "Mlima ulitapika damu." Hakuna hata mmoja aliyeweza kutuambia vitu gani viwili vilikutana, wala ni nini kilichotoka katika povu lile.

Kosa halikuwa la watoto, wala jaribio lenyewe halikuwa baya. Kosa ni kwamba mwalimu alifanya kila kitu mwenyewe, akaficha vifaa vyake mpaka dakika ya mwisho, akatafuta mshangao tu. Hiyo ndiyo kazi ya mfanya mazingaombwe, ambaye hupata riziki yake kwa kuwaficha watu sababu ya mambo. Mwalimu hupata heshima yake kwa kuifichua.

Furaha ya kemia, basi, haimo katika mshangao peke yake. Imo katika mtoto kukisia kitakachotokea, kujaribu kwa mkono wake mwenyewe, na kuona kama amepatia au amekosea. Mtoto aliyekisia amejitia katika mchezo. Hawezi tena kusinzia, kwa kuwa anataka kujua kama ameshinda.

Hatua nne za somo

Kwa sababu hiyo tunapendekeza kila jaribio, liwe la darasani au la nyumbani, lifuate hatua nne: kuuliza, kukisia, kujaribu na kusimulia.

Kuuliza: swali litoke katika jambo ambalo mtoto ameliona kwao. Kukisia: kila mtoto aseme au aandike anavyodhani, na mwalimu asioneshe kwa uso wala kwa sauti nani amepatia. Kujaribu: watoto wenyewe washike vifaa, wakibadili jambo moja tu kwa wakati mmoja. Kusimulia: mtoto aeleze kwa maneno yake alichofanya, alichoona, na anachofikiri kuwa ndiyo sababu. Istilahi za kitaalamu zije katika hatua hii ya mwisho, baada ya jambo lenyewe kuonekana. Mtoto akiisha kuona gesi ikizima mshumaa, jina la kabonidayoksaidi halitamtisha. Litakuwa jina la kitu anachokijua.

Hatua ya nne ndiyo inayopuuzwa zaidi, kwa kuwa kengele hulia. Lakini ndiyo inayokwenda nyumbani. Mtoto anayeweza kumsimulia bibi yake jaribio lote bila kulikosea amelifahamu.

Jaribio la kwanza: bizari inayosema

Turudi kwenye doa la biriani. Bizari ya manjano ina rangi iitwayo kurkumini. Rangi hii hubaki ya manjano inapokutana na vitu vyenye asidi, kama ndimu, ukwaju na siki, na hata na maji matupu. Lakini ikikutana na alkali, kama sabuni ya kufulia, magadi au maji ya jivu, hugeuka nyekundu iliyoiva. Kitu cha namna hii, kinachobadili rangi ili kutuarifu kama tumekutana na asidi au alkali, tunakiita kionyeshi. Katika maabara za sekondari hutumiwa karatasi za litmasi kwa kazi hiyo. Mtoto wa Tanga ana litmasi yake ndani ya kopo la viungo.

Vifaa: bizari nusu kijiko cha chai, maji kidogo, karatasi nyeupe, na matone ya vitu vinavyopatikana jikoni.

Koroga bizari katika maji, uipake juu ya karatasi, uiache ikauke. Karatasi moja ya daftari yatosha watoto kumi, ikikatwa vipande vyembamba. Waulize watoto: tukidondosha ndimu, rangi itakuwaje? Maji ya sabuni je? Maji ya jivu? Andika makisio ubaoni. Kisha kila kikundi kijaribu na kujaza jedwali.

Baada ya hapo waulize swali lililo gumu zaidi: karatasi iliyokwisha kuwa nyekundu kwa sabuni, tukiidondoshea ndimu itakuwaje? Wengi watasema itabaki nyekundu. Watakapoiona ikirudi manjano mbele ya macho yao, wamefika mahali penyewe. Asidi na alkali hupunguzana nguvu, na badiliko hili la rangi laweza kwenda na kurudi. Sasa mtoto anajua kwa nini doa la kanzu lilikuwa jekundu wakati wa kupakwa sabuni na likarudi manjano baada ya kusuuzwa.

Kazi ya nyumbani: mtoto apewe vipande vitatu vya karatasi ya bizari, atafute nyumbani kitu kimoja kitakachoigeuza na kimoja kisichoigeuza. Hapa ndipo bibi anapoingia. Katika nyumba ambazo tambuu bado hutafunwa, bibi ana kijikopo chake cha chokaa. Mtoto na aende kwa adabu:

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Una karatasi gani hiyo?"

"Ya bizari, bibi. Mwalimu ametutuma tuulize: ukiigusisha chokaa yako, itageuka au haitageuka?"

"Itageuka nyekundu. Sisi tulikwisha yajua hayo kabla mama yako hajazaliwa."

Bibi ataigusisha yeye mwenyewe, kwa maana chokaa huunguza macho na ngozi laini, na si kitu cha kuchezewa na mtoto. Karatasi itageuka. Kesho yake mtoto atakuja shuleni na habari mbili: chokaa ni alkali, na bibi yake alikisia sawasawa. Habari ya pili si ndogo kuliko ya kwanza.

Penye maua ya choya, yale yanayochemshwa kufanywa sharubati, jaribio laweza kurudiwa kwa maji yake. Yana wekundu yakiwa na ndimu, lakini yakitiwa magadi kidogo kidogo huacha wekundu wao na kuelekea rangi ya buluu na kijani. Watoto walinganishe vionyeshi hivi viwili, waseme kipi kinatambua asidi vizuri zaidi na kwa nini.

Jaribio la pili: hamira na puto

Kila mtoto wa pwani amekula maandazi na mahamri, na wengi wameona unga ukifunikwa kitambaa na kuumuka. Swali ni jepesi: ni nini kinachouinua unga?

Hamira ni viumbe hai vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Hula sukari na kutoa gesi ya kabonidayoksaidi pamoja na alkoholi kidogo. Gesi hiyo hunaswa ndani ya unga na kuutanua. Tembo la mnazi nalo huchachuka kwa njia iyo hiyo; likiachwa siku nyingi hugeuka siki, kwa kazi ya viumbe wengine wanaoibadili alkoholi kuwa asidi.

Vifaa: chupa tatu za kioo za soda, puto tatu, hamira, sukari, na maji ya namna tatu: baridi, vuguvugu na ya moto sana. Tia katika kila chupa kijiko kimoja cha sukari na nusu kijiko cha hamira. Maji ya moto ayamimine mtu mzima. Vika kila chupa puto mdomoni, usubiri nusu saa hadi saa nzima.

Watoto wengi hukisia kwamba chupa ya maji ya moto ndiyo itakayoshinda, kwa kuwa wamezoea kuona moto ukiharakisha mambo jikoni. Lakini puto la chupa ya vuguvugu ndilo linalosimama, na lile la maji ya moto sana hubaki limelala, kwa sababu hamira imekufa.

Hapa lipo onyo kwa mwalimu wa pwani. Vitabu vilivyoandikwa katika nchi za baridi husema "maji ya bomba" vikimaanisha maji ya baridi. Maji ya bomba ya Tanga, hasa wakati wa kaskazi, yenyewe ni vuguvugu. Mwalimu akiyatumia kama maji ya baridi ataona maputo mawili yakisimama, naye atafadhaika mbele ya darasa. Atie barafu, na ikiwezekana chupa hiyo ikae katika bakuli la maji yenye barafu. Nasi twasema jambo hili kwa kuwa lilitupata, na watoto ndio waliotuuliza, "Mwalimu, lakini haya si ya baridi?" Walikuwa na haki. Tukaugeuza ubaya ule kuwa somo, tukawaomba wao watushauri la kufanya.

Jaribio la tatu: kutoka ganda la yai hadi Tongoni

Jaribio hili ndilo tulipendalo kuliko yote, kwa sababu laanza katika kikombe na kuishia katika historia ya pwani.

Weka vipande vya ganda la yai katika siki au maji ya ndimu. Mara vipovu vidogo huanza kupanda. Ukiweka yai zima katika siki na kubadili siki baada ya siku moja, kwa siku mbili hivi ganda lote hutoweka, likabaki yai laini lililofunikwa utando, nalo hudunda kidogo likiangushwa kwa upole kutoka urefu wa kidole. Watoto walipapase kwa zamu. Lisiliwe.

Ganda la yai karibu lote ni kalsiamu kaboneti. Asidi huivunja na kutoa kabonidayoksaidi, gesi ile ile iliyojaza puto la hamira. Waulize watoto: vitu gani vingine vya kwetu vina ugumu na weupe kama ganda la yai? Watataja makombe ya chaza, kauri, na mawe ya matumbawe yaliyotupwa ufukoni. Wavilete, wavidondoshee siki, watazame vipovu. Wakatazwe kuvunja matumbawe yaliyo hai baharini, kwa kuwa hayo ndiyo makao ya samaki. Vipande vilivyokufa vimetapakaa pwani navyo vinatosha.

Sasa mwalimu asimulie. Katika magofu ya Tongoni, kusini ya mji wa Tanga, uko msikiti na makaburi ya kale yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa hiyo mafundi waliipata kwa kuyachoma matumbawe katika tanuri la kuni. Moto mkali hufukuza kabonidayoksaidi kutoka katika jiwe. Kinachobaki ni chokaa kali isiyozimwa. Ikimwagiwa maji huchemka yenyewe na kuwa chokaa ya kujengea. Ikiisha kupakwa ukutani, polepole huvuta tena kabonidayoksaidi kutoka hewani na kurudi kuwa kalsiamu kaboneti. Ukuta hurudi kuwa jiwe. Mafundi wale hawakuwa na jina la gesi hiyo, lakini kazi yao ilikuwa kemia tupu, nayo imesimama kwa karne nyingi.

Mawe ya chokaa ndiyo pia yaliyotupatia mapango ya Amboni, kaskazini ya mji, ambako maji ya mvua yenye kabonidayoksaidi iliyoyeyuka yamelila jiwe kidogo kidogo kwa miaka isiyohesabika. Na ndiyo yanayochomwa pamoja na udongo mfinyanzi kufanya saruji huko Pongwe. Ganda la yai, tambuu ya bibi, msikiti wa kale, pango na mfuko wa saruji: vyote ni ndugu wa ukoo mmoja. Mtoto atakayeshika uhusiano huu ameshika kitu ambacho hakiwezi kukaririshwa.

Majaribio ya subira: chumvi na kutu

Si kila badiliko hutokea papo hapo, na yafaa mtoto ajifunze kungoja. Chukua kikombe kimoja cha maji ya bahari, kiasi cha robo lita, ukichuje kwa kitambaa, ukimimine katika sinia pana na kukianika juani. Kwa kuwa lita moja ya maji ya bahari huwa na gramu 35 hivi za chumvi, kikombe hicho chaweza kutoa karibu gramu 9, yaani kijiko cha chai kimoja na nusu. Watoto wakisie kwanza watapata chumvi kiasi gani, kisha wapime. Hili ni badiliko la kiumbo: chumvi ilikuwamo tangu mwanzo, maji tu ndiyo yaliyoondoka. Ndiyo njia inayotumika katika mashamba ya chumvi ya pwani yetu.

Kwa kulinganisha, chukua misumari mitatu mipya. Mmoja uweke mahali pakavu, wa pili katika maji ya mvua, wa tatu katika maji ya chumvi. Baada ya wiki moja watoto wataona upi umeliwa zaidi. Kutu ni kitu kipya, kilichotokana na chuma, oksijeni na maji. Huwezi kukianika ukapata msumari wako. Hilo ni badiliko la kikemia. Kila nyumba iliyo karibu na bahari inajua jinsi bati linavyoliwa upesi. Mtoto akimweleza baba yake kwa nini rangi au madini ya zinki hulilinda bati, sayansi imeanza kuwa na faida ndani ya nyumba.

Swali lisichekwe

Walimu wengi huogopa kumpa mtoto uhuru wa kuuliza, wasije wakaulizwa wasiloweza kujibu. Yafaa tukumbuke kisa kimoja cha nchi yetu wenyewe. Mwaka 1963, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Kwa haraka ya kupata nafasi katika jokofu, aliweka maziwa yake yakiwa bado moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyowekwa bila kuchemshwa. Alipomwuliza mwalimu wake sababu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa mwanafunzi wa Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali lile lile Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wenzake walicheka. Mgeni hakucheka, alirudi akajaribu. Mwaka 1969 wawili hao walitoa makala pamoja, na hadi leo wataalamu wa nchi nyingi wanabishana juu ya jambo linaloitwa kwa jina la Mpemba.

Kisa hiki kilianza na maziwa na sukari. Mwalimu asiyejua jibu na aseme, "Sijui; tujaribu." Maneno hayo hayampunguzii heshima.

Kuwashirikisha watu wa nyumbani

Tulipoanza kazi hii tulikosea. Tuliwaagiza watoto kila mmoja alete ndimu moja na magadi. Karibu nusu yao walikuja mikono mitupu, kwa kuwa kwao siku ile hakukuwa na fedha ya ziada. Walikaa nyuma wakitazama wenzao wakicheza. Baadhi yao hawakuja kabisa siku iliyofuata. Somo tulilolikusudia liwe la furaha lilikuwa limewaaibisha watoto wa maskini mbele ya wenzao.

Tangu hapo tumejiwekea sharti: hatuombi nyumbani kitu cha kununuliwa. Twaomba kile ambacho kingetupwa, kama ganda la ndimu iliyokwisha kukamuliwa, jivu la jikoni, ganda la yai, maji ya mwisho ya kufulia, msumari mkongwe. Hata katika soko la Mgandini ndimu zilizonyauka hupatikana kwa kuomba. Kitu kinachohitaji fedha hutolewa na shule, na kwa darasa zima kidogo chatosha.

La pili ni heshima. Mtoto asitumwe nyumbani kwenda kuwasahihisha wakubwa wake. Atumwe kuuliza: kwa nini hutia magadi katika maharage? Sinia la shaba husafishwaje kwa ukwaju? Zamani mlifua kwa nini sabuni ilipoadimika? Majibu yaandikwe katika daftari, na mwalimu ayasome darasani kwa kutaja kazi, pasipo kumwaibisha mtu. Mzazi asiyejua kusoma ataweza kushiriki bila wasiwasi, kwa kuwa anachoulizwa anakijua kuliko mwalimu. Falsafa ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilionya dhidi ya elimu inayomtenga mtoto na jamii yake na kumfundisha kuidharau. Onyo hilo halijachakaa.

Usalama

Jiko ni maabara, na kila maabara ina hatari zake. Mwalimu asiyezifundisha hana haki ya kutoa kazi ya nyumbani. Mambo haya yakaririwe:

1. Kitu cha jaribio hakionjwi, hata kama ni chakula.

2. Mtoto hagusi kabisa soda kali ya kutengenezea sabuni, maji ya betri, chokaa isiyozimwa, mafuta ya taa wala dawa za wadudu. Vitu hivi visitiwe katika chupa za soda au za maji ya kunywa, maana watoto wengi wamedhurika kwa kudhani ni kinywaji.

3. Dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini isichanganywe kamwe na siki, ndimu, wala dawa ya kusafishia choo. Hutoa gesi ya sumu.

4. Jiko la mkaa lisiwashwe wala kuachwa katika chumba kilichofungwa. Mkaa unaoungua pasipo hewa ya kutosha hutoa kabonimonoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu usingizini.

5. Moto na maji ya moto ni kazi ya mtu mzima.

6. Kitu kikiingia machoni, osha mara moja kwa maji safi mengi, kisha mpeleke mtoto hospitali.

Sharti la nne, kwa maoni yetu, lapasa kufundishwa kila mwaka kabla ya majira ya mvua, watu wanapoingiza majiko ndani. Mtoto akirudi kwao na kuwaambia wazazi, "Tafadhalini tutoe jiko nje kabla ya kulala, mwalimu ametueleza sababu," huenda akawa ameokoa nyumba nzima. Hapo hakuna atakayeuliza tena kemia ina faida gani kwa mtoto wa darasa la tano.

Hitimisho

Shule nyingi za msingi hazina maabara, na mwalimu anayeingoja ndipo aanze kufundisha atastaafu akingoja. Bizari ipo, jivu lipo, bahari ipo, na bibi yupo. Kinachotakiwa ni mwalimu aliyejitayarisha, aliyelijaribu kila jaribio mwenyewe usiku wa jana, na aliye tayari kumwacha mtoto akisie vibaya bila kumkemea.

Na siku nyingine mama atakapokuwa anafua kanzu ya Idd, mtoto asiulize tena tu. Aseme, "Mama, ngoja kidogo, nidondoshee ndimu tuone." Na mama, hata kama ana nguo kumi za kufua, angoje.

Maswali ya kujadili

1. Chagua jambo moja linalofanyika jikoni kwenu. Litungie swali, kisio, jaribio na usimulizi kwa kufuata hatua nne.

2. Eleza tofauti baina ya badiliko la kiumbo na badiliko la kikemia kwa mifano miwili isiyotajwa katika makala hii.

3. Mwanafunzi wako amerudi na jibu la babu yake ambalo unaliona si sahihi. Utalishughulikiaje darasani bila kumvunjia mzee heshima?

4. Orodhesha vitu vitano vinavyotupwa katika mtaa wenu vinavyoweza kufaa kwa masomo ya kemia, na ueleze hatari ya kila kimoja, ikiwa ipo.